Akiba ya Kuelea: Tuchangie Kisichoonekana
Hotuba ya Mweka Hazina katika mkutano wa mwaka na harambee ya boti ya wagonjwa



Mwaka jana mwanachama mmoja alisimama na simu mkononi, akatuonyesha video ya gari la matairi nane. Lilitoka kwenye tope, likaingia ziwani, likaendelea na safari kama bata. Ukumbi mzima ulipiga makofi, na sababu tunaijua. Mgonjwa wetu wa visiwani husafiri mara tatu kabla hajamwona daktari: kwa machela au pikipiki hadi mwaloni, kwa mtumbwi hadi ng'ambo, kisha kwa pikipiki tena hadi kituo cha afya. Penye mafunjo na tope anabebwa mgongoni. Gari moja linalofanya yote hayo ni ndoto nzuri. Mkaniagiza mimi, mweka hazina wenu, nikalete bei.

Bei nimeileta, iko kwenye kurasa za bajeti. Ila kabla hamjafungua kurasa hizo, naomba tuzungumze juu ya kitu kinachofanya chombo kielee na kisimame wima. Mimi ni mhasibu, si mhandisi. Haya nimeyapata kwa kuwauliza mafundi wa boti na kwa kusoma. Mengine nimefundishwa na ziwa lenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa namjengea baba nyumba kule kijijini. Nilinunua mifuko 20 ya saruji na kukodi boti. Nahodha akasema, "Mwanangu, tufanye safari mbili." Mimi nikapiga hesabu ya nauli, nikaona safari ya pili ni hasara. Nikamwongezea pesa, akakubali kwa shingo upande. Mifuko ikapangwa hadi juu, nasi watu watano tukakaa juu yake. Katikati ya maji upepo ulibadilika. Boti ililala upande mmoja, ikachelewa kuinuka, maji yakaingia. Tulitupa mifuko sita ziwani ndipo ikatulia. Nilikuwa nimeihesabu saruji kwa shilingi, sikuihesabu kwa kilo.

Hesabu ambayo sikuifanya siku ile ni rahisi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chombo huelea kwa kusukuma pembeni maji yenye uzito sawa na wake pamoja na mzigo wake. Boti iliyochukua eneo la mita za mraba 8 juu ya maji huzama sentimita moja kwa kila kilo 80, yaani mtu mzima mmoja. Saruji yangu ilikuwa tani moja, kwa hiyo peke yake iliishusha boti zaidi ya sentimita 12. Ubao unaobaki juu ya maji ndio akiba ya chombo. Sisi wahasibu tunajua kampuni isiyo na akiba huanguka kwa deni dogo. Boti isiyo na akiba huzamishwa na wimbi dogo.

Hiyo ni kuelea. Kusimama wima ni jambo jingine. Mzigo ukiwa juu, chombo ni kama mtu aliyebeba mtungi kichwani akiwa amelewa. Upana husaidia sana: urefu ukibaki uleule na upana ukiwa mara mbili, nguvu ya umbo lake kukataa kulala huongezeka mara nane. Na maji yaliyoingia ndani ni adui wa aina yake, kwa sababu hayakai mahali pamoja. Chombo kikilala kushoto, nayo hukimbilia kushoto, yakakimalizia.

Ndugu zangu, ziwa letu limetufundisha yote mawili kwa gharama kubwa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikija Mwanza. Ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilibaki imeelea, tumbo juu, kwa hewa iliyonaswa ndani. Waokoaji walipotoboa bati ili wawatoe waliokuwa hai, hewa ikatoka na meli ikaenda chini. Watu zaidi ya 800 walipotea. Makaburi ya Igoma tunayapita kila tunapotoka mjini. Na tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere iliyokuwa ikitoka Bugolora ilipinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara, watu wakiwa wanaiona nchi kavu. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliofariki ni 228, waliookolewa 41. Waliofariki peke yao ni zaidi ya mara mbili ya idadi iliyoruhusiwa. Sina haja ya kuwaeleza zaidi, humu ndani tunajuana tulizika akina nani.

Sasa nirudi kwenye gari letu la video. Magari ya nchi kavu na majini si mapya. Wamarekani waliunda ya matairi sita, yaitwayo DUKW, wakati wa Vita Kuu ya Pili, na baadaye yakatumika kutembeza watalii. Tarehe 1 Mei 1999 mojawapo lilizama katika jimbo la Arkansas, likaua watu 13 kati ya 21. Wachunguzi wa serikali yao walishauri mambo mawili: magari hayo yawekewe akiba ya kuelea, ili hata yakijaa maji yasizame, na mapaa ya turubai yaondolewe, kwa kuwa yanawanasa abiria. Tarehe 19 Julai 2018 gari jingine la aina hiyo lilipigwa na dhoruba katika jimbo la Missouri, likazama na kuua watu 17 kati ya 31. Akiba haikuwekwa, paa lilikuwa bado lipo. Miezi miwili baadaye ikawa zamu yetu Ukara. Hivyo tusidhani uzembe huu ni wa watu maskini tu. Watu wa kila nchi huahirisha kununua kitu kisichoonekana.

Magari madogo ya matairi nane, kama Argo la Kanada, huelea kwa sababu mwili wake ni beseni lisilopitisha maji, na matairi yake manene yenye hewa husaidia. Lakini mtengenezaji mwenyewe hulipunguzia mzigo likiwa majini, na husukumwa na kuzunguka kwa matairi, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ni chombo cha bwawa na mto uliotulia. Mafundi huliboresha kwa kulifungia maboya marefu ubavuni, na hilo husaidia kweli. Hata hivyo, kuvuka nalo maji ya wazi upepo ukivuma, ndani yake mama mwenye uchungu wa kuzaa, mimi siwezi kuisaini hundi hiyo.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza hivi: boti pana yenye sakafu bapa mbele, inayoweza kufika kwenye maji mafupi, na pikipiki ya matairi matatu yenye kitanda, ikisubiri mwaloni. Kazi ni ileile ya gari la video, ila imegawanywa kwa vyombo viwili vinavyojua kazi zake. Ndani ya bajeti ya boti mtaona mistari mitano ambayo naomba asiifute mtu.

Wa kwanza ni povu gumu, lile linalowekwa kwenye kuta za majokofu. Mita moja ya ujazo hubeba zaidi ya kilo 900 hata boti ikijaa maji. Si sponji ya godoro, hiyo hunywa maji. Na litawekwa juu, kwenye mbavu za pande zote mbili, pamoja na nyuma karibu na mashine. Likiwekwa sakafuni peke yake, boti iliyojaa maji itapinduka.

Wa pili ni vyumba vilivyozibwa na kutenganishwa chini ya sakafu, ili tundu moja lisijaze boti yote na maji yasipate uwanja wa kukimbilia.

Wa tatu ni kitanda cha mgonjwa kilichofungwa chini kabisa, na viti vilivyofungwa, ili uzito usipande wala kuhama. Hatutaweka paa zito wala ghorofa ya mizigo.

Wa nne ni mstari wa rangi ubavuni. Maji yakiugusa, hakuna anayeongezwa, awe diwani, awe mjomba wa nahodha, awe mweka hazina na saruji yake.

Wa tano ni maboya ya kuvaa, moja kwa kila nafasi, na jaribio mbele yetu. Kabla malipo ya mwisho hayajatoka, fundi ataijaza boti maji mwaloni, ikiwa na mashine na mifuko ya mchanga badala ya watu. Ikibaki juu, wima, analipwa. Ikizama au ikilala, anarudi karakanani.

Najua harambee ilivyo. Kuchangia mashine ni rahisi, unapigwa picha nayo. Kuchangia jina litakaloandikwa ubavuni ni rahisi zaidi. Povu litafunikwa na mbao, wala hakuna atakayeliona tena. Kama kazi ya boti itakwenda vizuri, halitatumika hata siku moja, na mwaka ujao mtu atasimama hapa kuniuliza kwa nini tulitupa pesa. Nitafurahi sana kuulizwa swali hilo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Nimeipoteza mifuko sita ili niielewe methali hiyo. Wengine walipoteza zaidi ya mifuko. Kadi za ahadi ziko mezani. Tafadhali, kabla hujaandika kiasi, andika kwanza mstari gani unauchangia, kisha ukichague kile kisichoonekana.

 Mungu aibariki Ukerewe na visiwa vyake vyote.