Nyumba ya Bati: Kiangazi Ndicho Wakati wa Kuitengeneza

Maneno ya mazungumzo kwa wakazi wa Othaya, msimu wa kiangazi



Othaya inajulikana kwa baridi. Mgeni anayepanda kutoka Mombasa huambiwa abebe sweta, na mtu akianza kuzungumzia joto la nyumba, wengi hucheka. Lakini mwenye nyumba ya bati isiyo na dari hacheki. Kati ya Januari na katikati ya Machi, ikifika saa nane mchana, nyumba yake haikaliki. Mtoto hatulii kitandani, maziwa ya asubuhi yanaharibika kabla ya jioni, na watu wazima wanahamia chini ya mparachichi. Saa nne usiku, nyumba hiyo hiyo imegeuka barafu. Mawingu hayapo, joto lote limepotelea angani, na jiko la makaa linaingizwa chumba cha kulala. Hapo shida ya joto inageuka kuwa hatari ya kifo.

Jambo la leo ni hili: nyumba inayochoma mchana ndiyo inayoganda usiku, na ndiyo itakayodondosha matone juu ya vitanda ifikapo Julai. Chanzo ni kimoja, yaani paa lisilo na kinga na hewa isiyopita. Dawa yake pia ni moja, na wakati wa kuitumia ni sasa, ardhi ikiwa kavu, kabla mvua ya njahi haijaanza.

Wazee wanakumbuka nyumba za nyasi. Paa la nyasi lilikuwa nene, na ndani yake mlikuwa na hewa iliyotulia. Jua la mchana halikupenya upesi, na joto la usiku halikutoroka upesi. Bati lilipokuja lilileta faida kubwa: halishiki moto kama nyasi, halihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na maji yake yanafaa kukingwa. Lakini bati ni jembamba. Likipigwa na jua hupitisha joto jingi chini, na usiku likitazama anga tupu hupoa kuliko hata hewa iliyo nje. Nyasi zilipoondolewa, ile tabaka ya hewa iliyokuwa kinga haikurudishwa.

Kuirudisha ndiyo kazi ya dari. Si lazima iwe ya gharama. Mbao nyembamba, plaiwudi au silingi bodi, yoyote kati ya hizo hutenga hewa ya chumba na bati. Kwa familia isiyoweza kutengeneza nyumba yote kwa mara moja, vyumba vya kulala vitangulie, kisha sebule isubiri bonasi ya majani chai. Magunia ya nailoni na makatoni hayafai kabisa karibu na mahali pa kupikia, kwa kuwa cheche moja inatosha kuteketeza nyumba. Fundi aache matundu kwenye ncha za paa, yenye wavu wa kuzuia ndege na panya, ili joto la juu ya dari litoke mchana na unyevu usikwame huko usiku.

Anayejenga upya ana nafasi nzuri zaidi. Othaya iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua linalosumbua ni lile la chini, la asubuhi upande wa mashariki na la alasiri upande wa magharibi. Nyumba ndefu ielekezwe mashariki na magharibi kwa urefu wake, na madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini. Bati la rangi nyeupe au hafifu hurudisha jua zaidi kuliko lile la kijivu cheusi linalopendwa siku hizi. Kwa nyumba iliyokwisha kusimama, mti wa matunda upande wa magharibi, au mmatunda ya pasheni juu ya fito, utaleta kivuli. Mti usipandwe ukutani kabisa, maana mizizi husukuma msingi na majani huziba mifereji ya paa.

Madirisha nayo yana saa zake. Katika nyumba ya bati, hewa iliyo kivulini nje huwa na ubaridi kuliko iliyo ndani. Kwa hiyo mchana madirisha ya pande mbili yafunguliwe, hewa iingie huku na itokee kule. Pazia la upande wa magharibi lifungwe kuanzia saa nane. Jioni, ubaridi ukianza kushuka kutoka Nyandarua, madirisha yafungwe, lakini yale matundu madogo yaliyo juu ya dirisha yabaki wazi usiku kucha. Wengi huyaziba kwa matambara au magazeti ili kuzuia baridi. Hilo ni kosa, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni unyevu. Sufuria isiyofunikwa, nguo zinazoanikwa sebuleni, hata pumzi za watu wanne waliolala, vyote hutia maji hewani. Maji hayo yasipopata pa kutokea hugusa bati au ukuta ulio baridi na kugeuka matone. Mwenye nyumba huamka akidhani paa linavuja, akampigia fundi simu, na fundi haoni tundu lolote. Baadaye ukuta unaota ukungu mweusi, na mtoto mwenye pumu anaanza kukohoa kila alfajiri.

Unyevu mwingine hutoka ardhini. Mwezi huu ndio wa kuutafuta. Alama ya maji inayopanda kutoka sakafuni, au rangi inayobanduka chini ya ukuta, ni ishara kwamba udongo umerundikana kwenye msingi, au nyumba haina ile tabaka ambayo mafundi huiita DPC. Udongo uondolewe hadi uwe chini ya usawa wa sakafu, na mtaro uchimbwe kupeleka maji mbali. Mifereji ya paa isafishwe na kuelekezwa kwenye tangi. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita 10 kwa 8, siku yenye mvua ya milimita 20, humwaga lita 1,600. Zikikingwa ni mali. Zikiachwa, zinaloweka msingi.

Mahindi nayo yasisahauliwe. Gunia lililowekwa sakafuni likiegemea ukuta wenye unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo huweza kutoa sumu ya aflatoksini. Mwaka wa 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 katika Makueni, Kitui na sehemu jirani. Magunia yapandishwe juu ya mbao, mbali na ukuta, baada ya mahindi kukauka vizuri kwa jua hili.

Sababu ya pili ya kutoziba matundu ndiyo nzito zaidi. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Inapoingia kwenye damu huchukua nafasi ya oksijeni, na mtu huhisi kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Usingizi huo ndio mtego, kwa kuwa aliyelala hajui kwamba anakufa. Makaa mekundu yasiyotoa moshi hayana usalama wowote zaidi. Yanatoa gesi hiyo hiyo.

Mzee mmoja anaweza kuuliza: mbona wa zamani walilala na moto katikati ya nyumba na wakaamka? Jibu liko kwenye nyasi. Paa lile lilipumua, na kuta zilikuwa na nyufa. Nyumba ya leo ya mawe, saruji na madirisha ya vioo haipumui. Jiko liachwe nje au katika jikoni lililo wazi, na lisilale chumbani hata likionekana kuzimika. Anayekutwa na dalili hizo atolewe nje mara moja, apate hewa safi, kisha apelekwe hospitali bila kuchelewa. Nyumba yenye dari, blanketi nzito na madirisha yaliyofungwa kwa wakati haina haja ya jiko chumbani.

Mwisho ni gharama. Kuni zikatwe na kupangwa chini ya kibanda sasa, zikauke kwa jua. Kuni kavu hutoa moto zaidi na moshi kidogo. Jiko lenye udongo ndani hula makaa machache kuliko lile la bati tupu. Githeri ikishachemka vizuri, sufuria ifunikwe na kuwekwa ndani ya kikapu kilichojazwa matambara. Itaendelea kuiva bila moto. Kwa wenye stima, balbu ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila usiku hutumia uniti 9 kwa siku 30, ilhali ya LED ya wati 9 hutumia uniti moja na theluthi tu. Shawa ya umeme ya wati 5,400 humaliza karibu uniti moja kwa dakika 10. Ndoo nyeusi ya maji iliyofunikwa na kuachwa juani tangu asubuhi inaweza kuokoa tokeni hizo msimu wote wa kiangazi.

Siku za jua zilizobaki zinahesabika. Familia isiyoweza kufanya yote ianze na mambo mawili yasiyogharimu hata shilingi: kuondoa matambara kwenye matundu ya hewa, na kutoa jiko chumbani usiku wa leo.