GARI LINAPOCHEMKA
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Roret



Leo hatukuja kusema juu ya nyongeza ya mshahara. Tumekuja kusema juu ya injini inayochemka, maana jambo hili lagusa ugali wetu. Wengi wetu ni madereva wa lori na trekta za majani ya chai, na wengine tuna pikapu zetu wenyewe nyumbani. Gari likisimama mlimani, majani yaliyorundikwa hupata moto na kuwa mekundu kabla ya kufika kiwandani. Injini ikiharibika kabisa, matengenezo yake yaweza kula mshahara wa miezi. Na mtu akifungua rejeta kwa pupa, huungua uso na mikono.

Kwanza tujue kazi ya kila kitu. Pampu husukuma maji yazunguke ndani ya injini na kuchukua moto. Maji hayo huenda kwenye rejeta, na upepo wa feni huyapoza. Thamostati ni mlango: hufunga injini ikiwa baridi, hufungua ikipata moto. Mfuniko wa rejeta nao si kifuniko tu kama cha sufuria. Hukandamiza maji ili yasichemke upesi. Jambo hili ni kubwa hapa kwetu kuliko Mombasa. Pwani maji huchemka kwa digrii 100, lakini katika milima ya Kericho, kiasi cha mita 2000 juu ya bahari, huchemka kwa digrii 93 hivi. Mfuniko mzima huyazuia mpaka yapite digrii 110. Basi mpira wa mfuniko ukichakaa, sisi wa milimani ndio tunaoona taabu mapema.

Ukiona mshale wa joto unapanda, fanya hivi. Toka barabarani, zima injini, tia mawe kwenye magurudumu. Usiguse mfuniko. Maji yaliyokandamizwa yakiachiwa ghafula hugeuka mvuke na kuruka. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka uweze kushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono bila kuumia. Usimwagie injini maji baridi ikiwa ya moto, maana chuma chaweza kupasuka. Jihadhari na feni ya umeme: yaweza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa.

Injini ikiisha kupoa, swali la kwanza ni hili: maji yamepungua au yamejaa?

Yakiwa yamepungua, tafuta yanakokwenda. Tazama mipira, vibano vyake, rejeta, na chini ya pampu. Jaza maji, tandika katoni chini ya gari usiku, na asubuhi alama ya maji itakuonyesha mahali panapovuja. Kibano kilicholegea hukazwa kwa bisibisi, na mpira uliopasuka hubadilishwa. Lakini kama hakuna tone nje na maji yanazidi kupungua, fungua kifuniko cha oili. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, au moshi mweupe watoka nyuma hata injini ikiwa imepata moto, au mapovu yapanda ndani ya rejeta, yaelekea gasketi ya silinda hedi imekufa. Hapo usiendeshe tena. Mwite fundi.

Yakiwa yamejaa, angalia linachemka wakati gani. Likichemka limesimama au likienda polepole, lakini likapoa likienda mbio, shaka iko kwenye feni. Injini ikiwa imezimwa, bonyeza mkanda kwa kidole gumba. Ukibonyea sana umelegea. Likichemka likipanda na mzigo, tazama rejeta. Matope, vumbi na vipande vya majani huziba uso wake. Ioshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia.

Kama injini ni ya moto na mpira unaokwenda rejeta ungali baridi, huenda thamostati imekwama. Itoe injini ikiwa baridi, uitie ndani ya sufuria ya maji jikoni. Soma namba iliyoandikwa juu yake. Yenye namba 82 au 88 yapasa kuanza kufunguka kabla maji hayajachemka. Usingoje ifunguke kabisa, maana maji yetu huchemka mapema. Wako wasemao itupwe tu. Hapana. Bila thamostati injini hukaa baridi mno na kula mafuta, na injini nyingine huzidi kuchemka.

Maji ya kutia yawe safi. Ya mtoni huleta matope na kutu. Ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora, yakichanganywa nusu kwa nusu na kulanti. Lakini kulanti ni sumu tamu: iwekwe mbali na watoto na mbwa, wala isimwagwe mtoni.

Sasa neno la mwisho, kwa madereva walioajiriwa. Ukiona gari linachemka, mwambie msimamizi mara moja, nawe uandike tarehe na saa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yakutaka utoe habari ya hatari kubwa, na yamkataza mwajiri kukurudisha penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Tena Sheria ya Ajira ya 2007 yaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi ameharibu kwa kusudi. Rejeta kuukuu iliyoziba si kusudi la dereva. Lakini asiyeandika habari hana la kuonyesha siku ya kuulizwa. Ukikatwa bila haki, njoo kwa mwakilishi wako wa chama na karatasi yako mkononi.

Mwenye swali aulize.