Abayudaya na Mlango wa Israeli

Vilimani karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi, huikaribisha Sabato kwa kuimba zaburi kwa Kiganda. Jumuiya hiyo ilianzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, jemadari aliyetahiriwa ukubwani pamoja na wanawe. Mwaka 2002 marabi wa madhehebu ya Conservative waliwaongoa rasmi mamia yao.

Utaratibu wenyewe wa kuongoka ni wa kale: mahojiano mbele ya jopo la watu watatu, kisha kuzama mwili mzima majini. Mwanamume aliyekwisha kutahiriwa hutolewa tone la damu.

Akitoka majini, ni Myahudi kamili, na ni haramu kumsimanga kwa asili yake. Katika karne ya 12, mwongofu Obadia alimwuliza mwanazuoni Maimonides kama naye anaweza kusali kwa maneno “Mungu wa baba zetu”. Akajibiwa kwamba asali vivyo hivyo, kwani baba yake ni Abrahamu. Hata hivyo, mwanamke aliyeongoka haolewi na kuhani. Mgeni mkaazi, yaani asiye Myahudi anayeishi miongoni mwao, ni habari nyingine: hushika amri saba za Noa tu, lakini akifilisika jamii inawajibika kumsaidia.

Ugomvi wa leo ni wa muhuri: nani anauidhinisha uongofu. Ndoa za Wayahudi nchini Israeli zimo mikononi mwa marabi wa Orthodox, wasioutambua uongofu wa Conservative. Serikali nayo imewahi kumkatalia mmoja wa Abayudaya haki ya Sheria ya Kurejea ya mwaka 1950, inayowafungulia Wayahudi uraia wa Israeli. Machi 2021 Mahakama ya Juu ilikubali, kwa ajili ya uraia, uongofu wa Reform na Conservative uliofanyika ndani ya Israeli. Mbale, bila shaka, iko nje.