Imani Wakati wa Njaa



Tumeombwa kunena jinsi taabu ikuzavyo imani. Twaanza na neno gumu: njaa peke yake haimfundishi mtu kumcha Mungu. Wengine huwa wakarimu, wengine huwa wezi. Mtume Paulo, alipowaandikia Warumi habari za dhiki na saburi, hakumwandikia mtu mmoja mpweke. Aliwaandikia waumini wote pamoja.

Peter Cameron Scott alishuka Mombasa mwaka 1895, akaanzisha misheni huko Nzaui katika Ukambani, akafa Desemba 1896. Wenzake wengi wakafa au wakarudi kwao. Msiba ni msiba, wala hatuuiti baraka. Lakini waliosalia waliendelea, na Kanisa la Africa Inland lingalipo hata leo.

Tena wazee mwaikumbuka njaa ya 1984, iitwayo Nikwa Ngwete, maana yake, nafa nami nimeshika fedha. Shilingi zilikuwako, mahindi hayakuwako. Hapo ndipo sala ya kuomba riziki ya kila siku ilipokuwa sala ya kweli hata kwa mwenye duka.

Basi tusimwambie mjane mwenye ghala tupu kwamba Mungu anamkuza. Tumpelekee debe la mahindi, tumtengenezee matuta ya shamba kwa mwethya, kisha, akipenda mwenyewe, tuketi tusali naye. Mwenye jembe na aandikishe jina lake kwa karani kabla ya mvua za vuli.