Pumu ya Ngozi: Mafuta Kila Siku, Dawa kwa Maelekezo



Pumu ya ngozi, ambayo kwa jina jingine huitwa ukurutu, haiambukizi, wala haitokani na uchafu au kurogwa. Ngozi yenye afya ni mfano wa ukuta uliokandikwa vizuri: unyevu hautoki, vumbi haliingii. Kwa mwenye pumu ya ngozi, ukuta huo una nyufa. Ngozi hukauka na kuwasha, na kila anapojikuna nyufa huongezeka.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kuziba nyufa. Mgonjwa aoge kwa muda mfupi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, ajifute bila kusugua, kisha ajipake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Afanye hivyo asubuhi na jioni, hata ngozi inapoonekana imepona.

Ngozi ikivimba, mtaalamu wa afya huongeza krimu ya steroidi, kama vile haidrokotisoni. Krimu iliyokamuliwa juu ya kidole cha shahada cha mtu mzima, kutoka nchani hadi kiungo cha kwanza, hutosha eneo la viganja viwili. Krimu kali zisipakwe usoni wala kwa mtoto mchanga pasipo maelekezo.

Hapo ndipo penye hatari. Krimu za kujichubua na za kuchanganya, zinazouzwa bila lebo, huweza kuwa na steroidi kali au zebaki. Mwasho hutulia siku chache, lakini ngozi hukonda na ugonjwa hurudi kwa nguvu. Mapunye nayo yakipakwa steroidi husambaa. Na upele unaowasha usiku na kuenea nyumba nzima una dawa yake.

Kwa wakulima wa korosho wa Nachingwea na Ruangwa, tahadhari ni zaidi. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na vumbi la salfa huiwasha. Wakati wa kupulizia au kubangua, mwenye pumu ya ngozi avae glavu na nguo ya mikono mirefu, aoge mara amalizapo, kisha ajipake mafuta.

Ngozi ikitoa usaha, au mtoto akipata homa na malengelenge, awahishwe zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Aende na kopo la krimu aliyokuwa akipakwa, ili mganga ajue pa kuanzia.