Roboti na Mzee wa Tosamaganga



Mzee wa Tosamaganga, mkoani Iringa, afikapo hospitali huanza kwa salamu. Muuguzi kijana humwamkia shikamoo, au kwa Kihehe humwambia kamwene, na mzee akisha kuitikia ndipo hueleza maumivu yake. Mtumishi mgeni anayeanza na maswali hupewa majibu mafupi, na tiba yenyewe huweza kupotoka.

Hivi sasa nchi tajiri zinaunda roboti zenye macho na sauti ili ziwahudumie watu, na baadhi zimekwisha kufika Afrika Mashariki. Mei 2020, wakati wa UVIKO-19, Rwanda ilipokea roboti tano, zilizotoka kampuni ya Ubelgiji, za kupima joto la wagonjwa na kuwapelekea chakula na dawa. Zilipewa majina ya Kinyarwanda, kama Akazuba. Ila kubandika jina ni kazi rahisi.

Kazi ngumu ni kumwuliza mtumiaji kabla mashine haijaundwa. Mwaka 2023 Katie Seaborn na wenzake wawili walitoa ukaguzi wa tafiti 827 juu ya uhusiano wa watu na roboti, zilizowasilishwa katika mkutano mkuu wa kimataifa wa elimu hiyo kati ya 2006 na 2022. Walithibitisha kwamba wanaochunguzwa hutoka zaidi katika nchi za Magharibi zenye viwanda na utajiri, tena ni wasomi. Habari za umri, rangi na ulemavu wao mara nyingi hazikutosha. Ni vigumu kumwona mkulima wa Iringa humo.

Upungufu huo una madhara. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walipima programu za kutambua jinsia ya mtu kwa uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifikia asilimia 34.7. Jicho la namna hiyo ndilo litakalomtazama mama mjamzito wodini!

Afrika haikosi wabunifu. Mjini Kinshasa, mwaka 2013, mhandisi Thérèse Izay na wenzake walisimamisha njia panda roboti za kuongoza magari, zitumiazo nguvu za jua, zilizobuniwa na watu waujuao msongamano wa mji wao.

Basi vyuo vya Tanzania visisubiri makasha yafike bandarini. Watafiti wapande Tosamaganga sasa, wakae na bibi asemaye Kihehe tu, na kiziwi, na mkulima asiyejua kusoma, wawaulize: mashine ikikuamkia shikamoo, utaitikia marahaba? Ikishindwa kukuelewa, utamweleza nani? Majibu yao yaandikwe, wakabidhiwe wahandisi kabla kazi ya kuunda haijaanza.