Mkono wa Mnakili: Waliotuandikia Tendi



Asubuhi hii nawazungumzia watu ambao mitaala yetu imewasahau: wanakili wa tendi na mashairi ya mwambao. Tunamfundisha mwanafunzi jina la mtunzi, tunamfundisha vina na mizani, kisha tunamkabidhi kitabu kilichopigwa chapa kana kwamba utungo ulitoka kinywani mwa mshairi ukaenda moja kwa moja mtamboni. Baina ya mshairi na mtambo yupo mtu aliyekaa kitako na kalamu ya tete akaandika. Nashikilia kwamba historia ya kitabu cha Kiswahili haiandikiki bila yeye.

Tazameni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa midomoni mwa watu, na wazee waliokuwa wakiyahifadhi walikuwa wakipungua. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, Mmombasa mwenzake, ndiye aliyeyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu, akamfafanulia mmisionari Mwingereza W. E. Taylor yaliyokuwa mazito. Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi zikaishia London, na diwani ikapigwa chapa Johannesburg mwaka 1940, ikiwa imehaririwa na William Hichens. Mshairi wa Mombasa alisafiri kote huko ndipo akafika madukani. Wasomaji wanamtaja Muyaka, wanamtaja Hichens. Sikujua anatajwa na wachache, na bila yeye huyo Hichens asingekuwa na cha kuhariri.

Sasa tuingie Lamu, kwa mtu ninayempenda kupita wote katika habari hii: Muhamadi Kijuma. Alizaliwa katikati ya karne ya 19, akafariki miaka ya 1940. Alikuwa mchonga milango, mtunzi, fundi wa ala za muziki, mjuzi wa ngoma za Lamu, na mwandishi mwenye hati nzuri kupindukia. Mtaalamu wa Kiswahili Alice Werner alipata miswada kutoka kwake. Hichens akaandikiana naye barua. Na Mjerumani Ernst Dammann, alipokaa Lamu miaka ya 1930, alijifunza kwake. Kunakili kulikuwa kazi ya malipo, na sioni aibu yoyote hapo. Fundi hulipwa. Utendi wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913 unafungamana na jina lake, ingawa kisa chenyewe cha shujaa huyo ni cha kale mno. Mpaka leo wataalamu hujadiliana: je, hapo Kijuma alitunga, au alinakili? Mimi naona swali hilo limeulizwa kwa kipimo cha mtambo wa chapa. Mnakili wa Lamu alikuwa mjuzi wa utenzi. Akikuta kipande kilichopungua mizani aliweza kukitengeneza, na akikuta ubeti umepotea aliweza kuufidia. Ndiyo maana nakala mbili za utendi mmoja hazilingani.

Chukueni ukurasa mmoja wa utendi mkononi. Ubeti umelala katika mstari mmoja, vipande vinne, na baina ya kipande na kipande pana alama ndogo ya kutenga. Chini kabisa, pembeni, mara nyingi limeandikwa neno moja lililo peke yake: ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikichanganyika mtu ajue ipi inafuata ipi. Ukizisoma hizo herufi, utakutana na shida ambayo Sikujua alihangaika nayo sana: Kiarabu kina irabu tatu, Kiswahili kina tano, na sauti kama p na ch na g hazina herufi zake katika alfabeti ya Kiarabu. Msomaji alilazimika kuujua utungo nusu kwa moyo ndipo ausome. Kwa hiyo mnakili alimwandikia msikilizaji anayekumbuka. Anayesoma leo katika herufi za Kirumi amepoteza mazungumzo hayo ya mnakili na msikilizaji wake, na sioni sababu ya mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili kuhitimu bila kuzisoma hati za babu zake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo mkubwa wa miswada, ambao mtaalamu J. W. T. Allen aliufanyia kazi kubwa. Uko karibu. Hauhitaji pasipoti.

Ninaomba mambo mawili. La kwanza, kila chapisho la utungo wa kale liseme ni nani aliyenakili, wapi, na lini, pale inapojulikana, tena katika ukurasa wa jina la kitabu badala ya tanbihi. La pili ni kwa walio na miswada ya kale majumbani, Pate, Siyu, Mombasa, Unguja, Bagamoyo. Jina la mnakili na tarehe huwa mwishoni, baada ya dua, na ukurasa wa mwisho ndio unaochakaa mapema kwa sababu ndio unaoguswa na mkono na sakafu. Kabla hamjafanya lolote jingine, pigeni picha ukurasa huo, muulizeni mzee yeyote aliye hai ni nani huyo aliyeandika, na jawabu lake mliandike siku hiyohiyo.